Fundi wa Kamera wa Dirisha la Nyuma

Ukitaka kumpelekea kamera Mama Fundi hukupita mlango wa mbele. Ulizunguka nyumba kwa upande wa kushoto, ukapita penye kamba za nguo na mapipa ya taka, mpaka kwenye dirisha la chumba cha nyuma, lile lenye nondo nene zilizopakwa rangi nyeupe. Uligonga kioo mara mbili. Pazia lilisogea, mkono ukatoka katikati ya nondo, kiganja juu. Hakusema karibu. Alisema, "Lete."

Kamera yenye lenzi ndefu haikupita kwenye nondo. Hapo ilibidi uifungue lenzi wewe mwenyewe, uipitishe peke yake, huku yeye akikuangalia kama mtu anayemkabidhi mgeni mtoto mchanga. "Polepole," alikuwa akisema. "Iko na shingo."

Niliishi jirani naye katika nyumba ile ya Bellevue kwa karibu miaka minne. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye dari la bati lililochongwa maua, ikakatwakatwa kwa mbao hadi ikatoa vyumba tisa. Mimi natoka Tanga na kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Yeye alikuwa Mrundi wa Bujumbura, aliyetangulia kufika Johannesburg. Umri wake sikuujua. Alizaa watoto wangapi, mumewe aliishia wapi, sikuuliza na mwenyewe hakusema. Majirani Wakongo walimwita Mama Fundi, na sisi wengine tukafuata. Mimi aliniita Tanga, kana kwamba mji mzima umehamia chumba cha pili.

Kamera alizozishughulikia zilikuwa za namna moja: za filamu, lakini zenye umeme ndani, zile zilizotengenezwa wakati watu walipoanza kuamini kwamba betri itafanya kila kitu. Kamera za kale zaidi, zenye springi na meno tu, alisema hata fundi saa anaweza. Lakini hizi za umeme maduka yote ya mjini yalikuwa yameshazikana. Ukiwapelekea walikwambia tupa, nunua ya dijitali. Betri ikivuja ndani, kutu ya kijani inatambaa kwenye waya mpaka kwenye sakiti. Sponji inayozuia mwanga inayeyuka na kuwa kama lami. Sumaku ndogo inayoshika pazia la ndani inanata, na ikinata kioo kinabaki kimeinuka, unachungulia huoni kitu, na kitufe hakibonyezeki. Mama Fundi aliyajua magonjwa hayo yote kwa sauti. Aliiweka kamera sikioni, akabonyeza, akasikiliza, akasema, "Sumaku," au "Kapasita," au, mara chache, kwa huzuni ya kweli, "Hii imekwisha."

Nilimfahamu kwa shida, si kwa ujirani. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 2008 mwishoni, na nilikuwa na harusi Fordsburg saa nane mchana. Saa nne asubuhi kamera yangu ikagoma. Niliogopa kupoteza harusi ile kwa sababu baba wa bibi harusi ndiye aliyekuwa akinitafutia harusi nyingine. Mkongo wa chumba cha mbele akaniambia nigonge dirisha la nyuma. Nilikuwa nimepanga pale mwezi mzima nikidhani ni chumba cha mgonjwa.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nikasema basi, bahati yangu mbaya. Mama Fundi aliwasha jiko dogo la gesi, akaweka chuma chake cha kulehemia juu ya moto, akaifungua kamera yangu mezani. Skrubu alizipanga kwenye trei ya barafu, kila kishimo skrubu zake, kwa mpangilio wa zilivyotoka. Alipokuwa akifungua hakuzungumza, na ukizungumza wewe aliinua kidole. Akasafisha kwa siki na kijiti cha pamba, akalehemu waya mmoja mwembamba kama unywele, akafunga. Ilichukua saa moja kasoro. Akaniwekea kamera kwenye kiganja kupitia nondo, akasema, "Nenda ukatumike. Na usiache tena betri ndani ukiwa huna kazi."

Niliwahi. Tangu siku hiyo nikawa nakunywa naye chai, mimi nimekaa kwenye ndoo nje ya dirisha, yeye kwenye kiti chake ndani. Ilipita miezi mitatu kabla hajanifungulia mlango.

Lilinichukua muda pia jambo jingine kulielewa: kwamba hatoki. Simaanishi kwamba ni mtu wa kupenda nyumbani. Alikuwa havuki geti kwa miguu yake. Alifika bombani, alifika kwenye kamba za nguo, na Jumapili watu wa kanisa lake walikuja kuimba chumbani kwake, wamebanana kitandani na sakafuni. Mkate, dagaa, unga na sabuni tulimletea sisi kutoka spaza, kiduka cha pembeni. Pamba na spiriti nilimletea mimi. Kitambaa kizito cheusi, alichokuwa akikikata vipande vyembamba kuziba mahali pa ile sponji iliyoyeyuka, nilimnunulia Fordsburg kwenye maduka ya vitambaa, naye alinirudisha mara mbili kwa sababu unene haukuwa sawa.

Na bado alikuwa akiwadanganya wateja. Mtu akija kuuliza kwa nini kamera yake imechelewa, Mama Fundi alimwambia bila kupepesa, "Jana nilishinda mjini natafuta kipuri chako. Nimezunguka, nimezunguka, miguu inauma." Kipuri chenyewe alikuwa amekitoa kwenye kamera mfu chini ya kitanda, alikokuwa na masanduku matatu ya kamera mfu. Mimi nikiwa pale niliangalia chini. Mtu huyu aliyesali asubuhi, mchana na jioni, aliyekataa kabisa kusema uongo kuhusu kilichoharibika, alidanganya kuhusu jambo hilo moja tu. Nadhani alipenda kujisikia akilisema.

Alikuwa na mambo ya namna hiyo, yasiyokaa pamoja. Aliogopa barabara lakini umeme hakuuogopa. Flashi ya kamera inahifadhi nguvu hata betri ikitolewa, na ikikupiga inakutupa. Nilimwona ikimpiga mara mbili. Aliupunga mkono, akasema "Bon," haya basi kwa Kifaransa, akaendelea. Aliimba nyimbo za Kirundi za upole kabisa, na skrubu ikikwama aliitukana kwa Kifaransa maneno ambayo Mkongo wa chumba cha mbele alikataa kunitafsiria. Alishika kamera za watu maisha yake yote na hakutaka kupigwa picha. Akimaliza kutengeneza ilibidi aijaribu, na wa kupigwa picha nilikuwa mimi. Ninazo picha zangu nyingi nimekaa juu ya ndoo, nyuma yangu ukuta. Yake sina hata moja.

Msemo wake ulikuwa mmoja: "Usilazimishe." Kifuniko kikikataa, alikiweka chini, akanywa chai, akakitazama upya. Alisema skrubu yoyote iliyovunjika duniani ilivunjwa na mtu mwenye haraka. Mimi nilikuwa mtu mwenye haraka, kwa hiyo nililisikia neno hilo kila siku.

Kilichomfungia ndani nilikijua kwa vipande. Kabla ya hapo alikuwa na meza yake mjini, kwenye ujia uliojaa mafundi wa redio, saa na simu. Mwezi wa tano wa mwaka ule wa 2008, watu walipoanza kuwafukuza wageni mitaani, siku moja mchana kundi lilifika mpaka kwenye ujia ule. Meza zilipinduliwa. Alitembea kwa miguu hadi Bellevue na mfuko wa zana tumboni, chini ya nguo, kama mjamzito. Hayo sikuyasikia kwake. Yeye mwenyewe aliniambia jambo moja tu, siku tunamenya viazi, bila kuulizwa.

"Walinisalimia kwanza," alisema.

"Nani, Mama?"

"Wale. Walikuwa watu wa pale pale. Mmoja nilimtengenezea redio yake. Alinisalimia, akauliza habari ya asubuhi, nikamjibu. Halafu akapindua meza."

Akaendelea kumenya.

Wakati wa Kombe la Dunia, mwaka 2010, mji wote ulikuwa unapiga vuvuzela, na chini ya kelele zile ulikuwa ukisikia maneno mengine kwenye foleni ya spaza: mpira ukiisha, mtaondoka. Wengine walisema kwa kucheka, wengine hawakucheka. Mimi nilikuwa natembea na kamera chini ya koti, na kwenye taksi nilikuwa bubu, kwa sababu Kizulu changu kilinisaliti kwenye neno la pili. Lakini nilitoka, nilirudi, nilipata kazi. Mama Fundi mwezi ule mzima alifanya kazi amevaa viatu. Viatu vya kamba, vimefungwa barabara, hata akipumzika kitandani. Mfuko wa zana ulikaa mlangoni. Mechi ya mwisho ilipopita, zikapita wiki mbili nyingine. Siku moja nikaona kandambili miguuni mwake, nikajua amepumua.

Mwaka uliofuata akaja Mwalimu.

Huyu alikuwa Mkenya, mwanamke wa makamo, anafundisha picha kwenye chuo kimoja huko Braamfontein. Nilikutana naye kwenye harusi, nikamtaja Mama Fundi. Chuoni kwake kulikuwa na kabati zima la kamera za filamu zilizokufa, na wanafunzi walikuwa wameanza kuzitaka tena. Alileta tano kwa majaribio. Mama Fundi alizifufua nne na ya tano akamwandikia kwenye karatasi ni kwa nini haiwezekani. Mwalimu alikuja na nyingine, halafu akaja na wanafunzi wenyewe, vijana wanane wamekaa uani, na Mama Fundi akawafundisha kupitia dirisha. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, mimi nikatafsiri. Siku ile nilimwona mwanamke mwingine. Alichora sakiti kwenye kadibodi. Aliwatania. Msichana mmoja alimuuliza kwa nini hafungui duka mjini, watu wangejaa.

"Kamera ziko hapa," akamjibu. "Mimi nitafuata nini kule?"

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alibaki nyuma wanafunzi walipoondoka, akakaa kwenye ile ndoo yangu.

"Mama, kuna chumba kule chuoni," akamwambia. "Kina dirisha kubwa, kina meza. Tunahitaji mtu wa kutunza kamera. Si kazi ya siku mbili, ni kazi ya kuajiriwa. Nimeshaongea na wakubwa. Wanachotaka tu ni karatasi yako iwe hai."

Mama Fundi alikuwa anakunja kitambaa. Akakikunja tena na tena mpaka kikawa kidogo kama kiberiti.

Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imekufa. Zamani watu wa kanisa walimpeleka kwa gari kuihuisha, amelala kiti cha nyuma amejifunika kitenge hadi kichwani. Kisha ofisi ya hapa mjini ikafungwa na watu wakaambiwa waende Pretoria. Pretoria ilikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa nje, barabarani, tangu alfajiri. Hakwenda. Sasa hata angetaka kutoka, angetoka bila karatasi, na polisi akimsimamisha hana la kuonyesha.

"Mimi ninalo gari," Mwalimu akasema. "Nitakupeleka, nitasimama na wewe kwenye laini hiyo mpaka ndani. Na Tanga atakuja. Ama?"

"Nitakuja," nikasema.

Alichukua wiki tatu kukubali. Katika wiki hizo aliniuliza maswali ya ajabu. Dirisha la chumba kile linatazama wapi. Kuna choo ndani ya jengo au lazima utoke. Mlango wa jengo una mlinzi au hauna. Nilikwenda Braamfontein makusudi kuangalia, nikamletea majibu, naye akayapokea moja moja. Siku moja nilimkuta ameshatenga zana: za kwenda na za kubaki.

Asubuhi ya safari alivaa koti la kahawia ambalo sikuwahi kuliona, na kilemba kipya. Karatasi zake zilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, ameibana kwapani. Gari la Mwalimu lilikuwa limesimama mbele ya geti, mlango wa nyuma uko wazi. Majirani walisimama barazani, tuliogopa hata kukohoa. Alitembea vizuri. Alipita kamba za nguo, akapita mapipa, akazunguka kona ya nyumba, akafika getini. Nikamfungulia. Aliweka mguu mmoja nje, kwenye lami.

Ng'ambo ya barabara, ukutani mwa spaza, walikuwa wamekaa wanaume watatu wanacheza drafti. Walikuwa pale kila siku. Mmoja, mzee mwenye kofia ya sufu, aliinua macho, akamwona mama mzima amevaa vizuri, akainua mkono kwa heshima.

"Sawubona, Ma," akamsalimia.

Nilimwona Mama Fundi akisikia. Mguu ulirudi ndani. Alishika geti kwa mikono miwili, bahasha ikaanguka.

"Mama," Mwalimu akasema taratibu kutoka kwenye gari, "ni hatua nne tu."

"Niko naona, Mwalimu. Niko naona."

Alisimama hapo muda mrefu. Yule mzee alikuwa amesharudi kwenye drafti yake, hajui lolote. Kisha Mama Fundi akageuka, akarudi njia ile ile, kona, mapipa, kamba za nguo. Ilipofika saa sita mchana kulikuwa na kamera imefunguliwa mezani, na skrubu ziko kwenye trei.

Nilikasirika. Leo nalisema kwa aibu. Niliona kwamba ametuaibisha mimi na Mwalimu, kwamba mlango ulifunguliwa na yeye akaufunga kwa mkono wake. Nilikwenda dirishani nikamwambia, "Utakufia humo ndani, Mama. Na hakuna atakayejua."

Aliinua kidole, kama alivyofanya mtu akizungumza wakati anafungua skrubu. Nikaondoka.

Mwalimu alijaribu mara mbili nyingine. Baadaye nafasi ile ikafutwa. Mimi mwaka 2012 nilipata chumba Braamfontein, karibu na Fordsburg zilikokuwa harusi zangu nyingi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshanunua kamera ya dijitali sikuwa na sababu ya kugonga dirisha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kweli ni kwamba niliona haya. Nikasikia nyumba imeuzwa, mwenye nyumba mpya amewatoa wapangaji wote. Nikauliza Mama Fundi alikwenda wapi. Wakongo walisema kanisa lilimchukua. Nikaacha hapo.

Mwaka 2014, kwenye mwezi wa tisa, nilikwenda Fordsburg kufuata chaja. Kwenye jumba moja kubwa la maduka, chini kabisa, kuna safu ya vibanda vya mafundi simu. Nilikuwa nimeshapita nikasikia mtu anatukana kwa Kifaransa, polepole, kwa adabu. Nikarudi nyuma.

Alikuwa amepungua. Miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mbele yake simu zimefunguliwa kama samaki.

"Tanga," akasema, kama tuliachana jana. "Umenenepa."

Nikavuta kiti. Akanieleza huku mikono inaendelea. Mwenye nyumba alipotuma watu wakaondoa milango kwenye bawaba, hakuwa na pa kubaki, basi akatoka. Watu wa kanisa walimwekea kitanda kwenye fleti ya familia moja, hapo hapo Fordsburg, ng'ambo ya barabara. Pretoria alikwenda. Aliambiwa arudi. Akarudi. Sasa alikuwa na karatasi ya miezi sita, na ilikuwa imebaki miwili.

"Na kamera?"

"Zinakuja. Moja kwa mwezi, mbili." Alipuliza vumbi kwenye simu. "Ulisema nitakufia ndani. Bon. Sikufa."

"Nilikosa, Mama. Nisamehe."

"Ulikuwa na haraka," akasema, na hayo yakawa ndiyo majibu.

Saa kumi na moja alifunga kibanda. Nikasema nitamsindikiza. Alifurahi, akanipa mfuko nimbebee. Tulipanda ngazi, tukatoka kwenye mwanga, tukafika kwenye taa za barabarani, roboti kama tunavyoziita hapa. Fleti yake aliweza kunionyesha kwa kidole: ghorofa ya pili, yenye zulia limeanikwa. Roboti ikawaka kijani. Nikashuka ukingo. Yeye hakushuka. Aliniuliza habari za mama yangu. Ikawaka nyekundu, ikarudi kijani, akaniuliza kama nimeoa. Ikawaka ya tatu.

"Tuvuke, Mama. Nishike mkono."

"Hapana. Niko nangoja mtu."

"Nani?"

Akanyoosha mdomo kuelekea lango la jumba, alikosimama mlinzi, kijana mrefu mwenye sare, mwenyeji wa hapa. "Anafunga saa kumi na mbili. Ananivusha."

"Lakini mimi nipo hapa."

Alinitazama, bila ubaya wowote. "Wewe, mwanangu, ni mgeni kama mimi. Unaogopa kama mimi. Tofauti ni kwamba wewe unatembea. Wakija, utanifanyia nini?"

Watu walikuwa wanatupita, wanatoka kazini, na nikagundua kwamba tangu tutoke kwenye ngazi zile nilikuwa nimeshusha sauti, naongea naye Kiswahili kwa kunong'ona. Nikaweka mfuko chini. Tukasimama pamoja karibu saa nzima, roboti inabadilika, tunazungumza habari za watu wa ile nyumba, nani yuko wapi.

Saa kumi na mbili mlinzi alifunga lango, akaja anafuta mikono kwenye suruali.

"Sharp, Gogo," akasema, yaani sawa, bibi. "Twende." Kisha akanitazama, akautazama mfuko. "Na huyu?"

"Huyu ni Tanga," Mama Fundi akasema. "Naye yuko anavuka."

Nikauokota mfuko. Kijana akaingia katikati yetu, akainua mkono kuyasimamisha magari ingawa taa ilikuwa yetu, akamshika yeye kiwiko cha kulia, mimi cha kushoto, akatuvusha wote wawili.